Biashara Ndogo na Miti ya Asili: Somo Kutoka Usambara ya Mashariki



Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo siku hizi latajwa sana, lakini mara nyingi kwa haraka. Ni habari ya wafanyabiashara wadogo wanaosaidia kupanda miti ili ndege na wanyama wa mwituni wapate tena mahali pa kuishi. Mwenye duka hutangaza kwamba atapanda mche mmoja kwa kila bidhaa atakayouza. Seremala huahidi kurudisha mti mahali pa ule alioupasua mbao. Mgeni hununua chupa ya asali akaambiwa kwamba fedha yake yalinda msitu. Je, mambo haya ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, hufanyikaje? Ili tusiishie kwenye maneno matupu, yafaa twende mahali panapojulikana, tuangalie yaliyotendeka huko.

Mahali penyewe si mbali. Ni milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza.

MSITU ULIOKATIKA VIPANDE

Milima hii huinuka ghafula kutoka nchi tambarare ya pwani, nayo huyapokea mawingu yatokayo Bahari ya Hindi. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo hushuka kwa mto Zigi, na jiji la Tanga huyanywa. Kwa hiyo hata mtu wa Ngamiani ambaye hajapanda kamwe barabara ya Amani ana uhusiano na msitu ule kila afunguapo bomba.

Kwa kuwa misitu hii imekaa katika mvua na ukungu kwa muda mrefu mno, viumbe vyake vingi havipatikani penginepo, au hupatikana mahali pachache tu. Ua lile dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda katika vyungu madirishani asili yake ni huku. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, likaenea duniani kote. Yuko pia ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, ambaye wataalamu humwita Artisornis moreaui. Ndege huyu anajulikana mahali pawili tu: Usambara ya Mashariki, na milima fulani kaskazini ya Msumbiji. Jina lake latokana na Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani tangu mwaka 1928. Tutarudi kwa ndege huyu baadaye, kwa maana anatufundisha jambo ambalo wapandaji wa miti hulisahau.

Msitu huu haukukatwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Wajerumani walifyeka kwa ajili ya kahawa. Baadaye ikaja chai, ambayo iko hata leo. Wapasuaji wa mbao wakaingia na mashine, mpaka kazi hiyo iliposimamishwa katika miaka ya 1980. Na wakulima wadogo wakapanda iliki.

Iliki yahitaji maelezo kidogo, kwa maana hudanganya macho. Zao hili hupenda kivuli. Mkulima huiacha miti mikubwa na kufyeka kila kitu kilicho chini yake. Ukitazama kutoka mbali waona msitu mzuri. Ukiingia ndani waona wazee bila watoto, kwa sababu kila mche uchipuao hufyekwa pamoja na magugu. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, iliki hupungua, na mkulima husogea mbele.

Matokeo yake ni kwamba msitu umekatika vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna chai, mihogo au nyumba. Kwa mnyama arukaye mbali kama hondohondo huenda hilo si kitu. Lakini wako ndege wa gizani, wanaokaa chini karibu na ardhi, ambao hawathubutu kuvuka uwanja wenye jua. Mtaalamu William Newmark, aliyeanza kuwachunguza ndege wa Usambara katika miaka ya 1980, aliona kwamba ndege wa namna hiyo hupungua na hata kutoweka katika vipande vidogo vya msitu, ingawa miti yenyewe ingali imesimama. Kipande kidogo ni kama kisiwa. Kwa hiyo kupanda miti ili kuunganisha vipande viwili huweza kuwa na faida kubwa kuliko kupanda miti mara kumi zaidi mahali pasipo na msitu jirani.

Serikali iliitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997. Baadaye ukanda wa Derema, uliokuwa na mashamba mengi ya iliki, ulitengwa ili misitu iungane. Wakulima waliiacha iliki yao, na mabishano juu ya fidia yalidumu miaka mingi. Twalitaja jambo hili ili msomaji wa mjini asije akafikiri kwamba msitu hupatikana bure. Kila hekta inayorudi kuwa msitu yatoka mfukoni mwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hana mfuko mnene. Ndiyo sababu twauliza habari za biashara. Je, jirani wa msitu aweza kupata riziki kutokana na miti iliyosimama, badala ya iliyolala?

MTI WA ASILI NI UPI?

Kabla ya kuendelea hapana budi tukubaliane juu ya neno hili. Wengi wetu twadhani mti wa asili ni mti wowote tuliouona tangu utotoni. Mwembe, mwarobaini, mkaratusi, msaji: yote hii ililetwa. Hatusemi kwamba ni mibaya. Nani ataikataa embe? Lakini wadudu na ndege wa msitu wa mlimani hawakukua pamoja nayo.

Usambara ina mfano ulio mgumu zaidi. Kuna mti ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii, na Waganda huuita musizi. Ni mti wa Afrika kabisa, wenyeji wake ni nchi za Maziwa Makuu na magharibi yake. Uliletwa Usambara kwa ajili ya mbao, kwa kuwa hukua upesi. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakayabeba na kuzitupa mbegu msituni, hasa mahali palipoachwa wazi na wapasuaji. Leo umeenea sana na kuchukua nafasi ya miti ya huko. Angalia basi: ni mti wa Afrika, mnyama wa msituni anaula, na bado ni mgeni mwenye kusumbua. Kwa hiyo anayetaka kurudisha makao ya wanyama asiulize tu kama mti ni wa Afrika, au hata kama ni wa Tanzania. Aulize kama ni wa mlima ule, na wa mwinuko ule. Mvule, mkangazi, mnyasa, mkuyu, msambu: kila mmoja una mahali pake, na wazee wa kijiji hujua ni wapi.

WAFUGAJI WA VIPEPEO

Sasa tuje kwenye biashara yenyewe. Twaanza na ile iliyotushangaza kuliko zote, ambayo mwanzo wake ulikuwa Kenya. Mwaka 1993, huko Gede karibu na Malindi, ulianzishwa mradi wa Kipepeo pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Wakati ule majirani wengi walitaka msitu ule ukatwe wapate mashamba. Na nani atawalaumu, ikiwa tembo na nyani walitoka humo kuja kula mahindi yao? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa namna hiyo hiyo ulianza Amani, chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania.

Kazi yenyewe ni hivi. Mkulima huingia msituni na wavu, akakamata majike wachache tu. Huwaweka katika kizimba cha chandarua pamoja na mmea ambao viwavi wa aina ile huula. Jike hutaga mayai juu ya majani. Viwavi wakianguliwa hulishwa majani mabichi kila siku, nao hula kwa ulafi wa ajabu, mpaka wajigeuze kuwa pupa, yaani kile kipindi cha kulala ndani ya ganda. Pupa ndio wauzwao. Hufungwa kwa pamba ndani ya sanduku na kupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio ili wawaone vipepeo wakiruka. Lazima wafike kabla hawajatoka katika ganda, na muda huo ni wa siku chache tu. Sanduku likilala uwanja wa ndege, mkulima amefanya kazi bure.

Hapo ndipo biashara na mti hukutana, yaani kwenye jani. Viwavi hawali kila kitu. Kila aina ina mmea wake au mimea yake michache, na ukimpa mwingine atakufa njaa juu ya majani mabichi. Mkulima wa machungwa wa Muheza anamjua mmoja wao vizuri: akiwa mdogo hufanana na mavi ya ndege juu ya jani la mchungwa, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Huyo ni kiwavi wa kipepeo aitwaye Papilio demodocus, naye atakula mchungwa au mlimau bila kulalamika, ingawa miti hiyo ilitoka Asia. Mtu akifuga aina hiyo peke yake hana haja kubwa na mti wa msituni. Lakini wanunuzi hutaka vipepeo wa aina nyingi, na wengi wao hula mimea ya msituni tu.

Kwa siku chache mkulima aweza kwenda msituni kuchuma majani. Baada ya mwezi mmoja wa kupanda na kushuka kilima na kikapu, huanza kufikiri. Huleta mbegu, au hung'oa miche midogo chini ya mti mama, akaipanda nyuma ya nyumba. Hapo mtu hupanda mti wa asili bila kuhubiriwa na mtu yeyote. Tena, kizazi cha kizimbani hudhoofika kikizaliana chenyewe kwa chenyewe, kwa hiyo kila mara yafaa kurudi msituni kutafuta majike wapya. Msitu ukiisha, na kazi imekwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Theron Morgan-Brown na wenzake ulionyesha kwamba wafugaji wa vipepeo wa Usambara walishiriki katika kazi za kulinda msitu kuliko majirani wasiofuga, na kwamba sababu kubwa ilikuwa kujua kwao kwamba kipato chao chategemea msitu.

Twaweza kuishia hapa na kupiga makofi. Lakini mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje. Shabaha ilikuwa biashara ya wanyama wakubwa na ndege, ambayo ilikuwa na udanganyifu mwingi. Lakini mbele ya sheria kipepeo naye ni mnyamapori. Wafugaji wa Amani wakapoteza wanunuzi wao wa ng'ambo. Viwavi waliendelea kula, na pupa hawakuwa na pa kwenda.

Hatuandiki haya ili kuilaumu serikali, ambayo ilikuwa na sababu zake. Twataka msomaji atafakari juu ya mti ule uliopandwa nyuma ya nyumba. Ulipandwa kwa ajili ya majani yake, na majani hayana mnunuzi tena. Unatia kivuli, na mahindi yanataka jua. Ada ya shule iko mlangoni. Je, mti huo utapona? Twaona kwamba hili ndilo swali lenyewe la somo letu, na ye yote anayesifu biashara ya miti bila kulijibu amesema nusu tu ya habari.

Wengine wamejaribu kulijibu kwa kumtafuta mnunuzi wa karibu. Unguja, katika kijiji cha Pete karibu na msitu wa Jozani, kilianzishwa kituo ambacho wanakijiji hukiletea pupa, na watalii huingia kuwatazama vipepeo hapo hapo. Hapo hapana haja ya kibali cha kusafirisha wala sanduku la kuchelewa. Lakini nayo ina udhaifu wake: mwaka 2020 korona ilipokuja, watalii wa dunia nzima walikaa nyumbani. Hakuna mnunuzi wa milele, wa mbali wala wa karibu. Kwa hiyo mti uliosimama kwa ajili ya mfuko mmoja umesimama kwa mguu mmoja.

MSAMBU NA PANYA BUKU

Mti mwingine wenye mafundisho ni msambu, ambao wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii. Hupatikana katika milima ya mashariki ya Tanzania tu. Tunda lake ni kubwa, lenye uzito wa kilo kadhaa, na mbegu zake zina mafuta ambayo hugandamana yenyewe bila kuwekwa mahali pa baridi. Wazee waliyatumia kupikia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni ya ng'ambo yalianza kuzitafuta mbegu hizo kwa ajili ya siagi ya kupaka mkate na sabuni, na watu wa Usambara wakaanza kuziokota na kuziuza.

Faida yake yaonekana mara moja: mtu aliyekuwa na msambu katikati ya shamba lake la iliki, na aliyeukusudia kuwa mbao, sasa huuacha. Huo ni mti mzima, wenye matawi na matundu, ambao hakuna kitalu kiwezacho kuutoa kwa miaka hamsini. Twaliweka jambo hili mbele ya upandaji wo wote.

Lakini msambu una mwenye mali mwingine. Panya buku (ambaye jamaa zake wa Morogoro wamefundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini) huzibeba mbegu za msambu na kuzificha chini ya udongo, ajiwekee akiba. Nyingine huzisahau, na hizo ndizo ziotazo. Watu wakiokota mbegu zote kila msimu, panya buku hukosa, na msitu hukosa miche. Biashara yaweza kuulinda mti mzee na papo hapo kuunyima watoto, kama iliki ilivyofanya. Dawa yake si ngumu: kubaki na matunda fulani bila kuyagusa, na kuotesha mengine kitaluni.

Aliyejaribu kuotesha msambu atacheka kwa neno hilo "si ngumu". Mbegu yake hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuota, mpaka mwenye kitalu mgeni huitupa akidhani imekufa. Tena kuna msambu dume na msambu jike. Mtu aweza kupanda mitano, akangoja zaidi ya miaka kumi, kisha akaona kwamba miwili tu ndiyo itakayozaa. Ndiyo maana watafiti waliwafundisha wakulima kupandikiza vikonyo vya mti jike juu ya miche michanga, kama wafanyavyo wakulima wa machungwa. Hapo mtu ana uhakika, na huvuna mapema zaidi.

FUNDI WA TEXAS

Kwa kuwa twazungumza juu ya biashara ndogo, tusidhani kwamba ni lazima ziwe jirani na msitu. Huko Texas, Marekani, alikuwako fundi wa kukereza mbao, James Harris, aliyekuwa akitumia mpingo kutengenezea vitu vya mapambo. Kwa njia ya filamu iliyoonyeshwa kwenye televisheni akazijua kazi za Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Moshi, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa shule kuotesha miche. Mwaka 1996 fundi huyo na mkewe wakaungana na Bwana Chuwa kuanzisha mfuko wa kupanda mpingo mkoani Kilimanjaro. Chuwa alifariki mwaka 2014, na miti aliyoipanda ingali michanga, kwa maana mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kufaa kazi ya zumari za kizungu. Fundi yule alijua kwamba hatakereza hata kipande kimoja cha miti hiyo. Alilipa deni la miti aliyokwisha kuitumia. Kwetu seremala wa mvule aweza kufikiri hivyo hivyo.

JINSI YA KUFANYA HUKU KWETU

Tuseme basi kwamba katika parishi yetu yuko fundi seremala, au mwenye mgahawa, au mama anayeuza sabuni, naye ataka sehemu ya faida yake iende kwenye miti. Amfanyeje?

Kwanza asitoe fedha kwa miche iliyopandwa, bali kwa miche iliyo hai. Tofauti ni kubwa. Siku ya kupanda huwa na wimbo, picha na hotuba. Masika ya pili huwa na mbuzi. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha kazi yake ya kupanda miti Kenya mwaka 1977, wanawake walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila shimo lililochimbwa. Sisi twapendekeza kwamba mwenye biashara na mwenye kitalu waandikiane: nusu ya malipo wakati wa kupanda, na nusu baada ya masika ya tatu, wakihesabu pamoja kwa kidole. Fedha ya palizi ni lazima iwemo, kwa maana mche wa msituni hukua polepole na nyasi hazimngoji mtu.

Mwenye kitalu naye ajue kwamba mbegu nyingi za msitu wa mvua hazihifadhiki. Ukizikausha na kuziweka ghalani kama mahindi, zimekufa. Huokotwa zikiwa mbichi na kusiwa upesi. Mvule nao una adui yake: mdudu mdogo asababishaye uvimbe kwenye vichipukizi, hata mche ukadumaa. Hupenda hasa mivule iliyopandwa peke yake juani. Ukiichanganya na miti mingine yenye kivuli chepesi, hupata nafuu.

Pili, mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Wakulima wengi huiona kama ardhi waliyonyang'anywa. Lakini vijito ndivyo vinavyopita kutoka kipande cha msitu hadi kipande kingine, na ukanda wa miti kandokando ya kijito ni barabara ya ndege na wanyama. Huko ndiko tungependa kuona fedha za duka zikienda, kabla ya uwanja wa ofisi ambako miche hupandwa mistari miwili mbele ya bendera. Na mkulima aliyekubali miti katika ukanda wake aandikishe miti hiyo ofisi ya kijiji. Wengi huogopa kupanda mvule wakidhani kwamba siku wautakapo watanyimwa kibali cha kuukata. Afadhali jambo hilo lijulikane mapema, kwa maandishi.

Tatu, mkuyu. Hatuelewi kwa nini hupandwa mara chache hivyo. Mikuyu mingi huota kwa tawi lililochomekwa ardhini, huzaa mapema, na matunda yake huwavuta ndege, nyani na popo. Wageni hao huja na mbegu za miti mingine tumboni, na kuziacha chini yake. Ukipanda mikuyu michache kwenye kijito kilicho karibu na msitu, nusu ya kazi hufanywa na ndege usiku na mchana bila posho. Na ukiona kwamba miche ya musizi nayo imo, ing'oe ingali midogo.

Sasa turudi kwa yule ndege mwenye mdomo mrefu tuliyemtaja mwanzoni. Yeye hukaa katika mitambaazi iliyosongamana, pembezoni mwa msitu na mahali ambapo mti mkubwa umeanguka. Kwa macho yetu hayo ni magugu. Mpandaji mwenye bidii hufika na panga, akasafisha kila kitu mpaka miche yake isimame katika uwanja safi, akapigwa picha. Amepanda miti, na amelifukuza lile ambalo duniani lina makao mawili tu. Kwa hiyo pale palipo na kichaka kizuri tayari, palilia kuzunguka mche tu, uache kilichobaki.

Vivyo hivyo kwa hondohondo. Jike wa hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo, akabaki ufa mwembamba wa kulishiwa na mumewe mpaka makinda wakue. Tundu la namna hiyo halimo katika mche, wala katika mti wa miaka ishirini. Limo katika mti mzee wenye ugonjwa, ule ule ambao mwenye shamba husema haufai kitu, aukate awe na mkaa. Mwenye duka akimlipa mkulima kidogo kila mwaka ili mti ule ubaki, hatakuwa na siku ya kupanda wala bango la kuonyesha wateja. Lakini wakati wa kuatamia aweza kuwapeleka wajukuu wake wasimame kwa mbali, wamwone dume akija na matunda mdomoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji au mtaa wenu, ni miti gani ya asili ambayo wazee waijua kwa jina na vijana hawaijui? Andikeni majina yake, na mahali ilipo.

2. Kati ya biashara za watu wa parishi, ni ipi ambayo faida yake yategemea mti uliosimama? Ni ipi yategemea mti uliokatwa?

3. Miche iliyopandwa katika viwanja vya kanisa na shule miaka mitatu iliyopita, mingapi iko hai leo? Nendeni mkaihesabu kabla ya kujibu.

4. Mkulima mmoja ana mkuyu mzee wenye tundu, na mwanawe amechaguliwa kwenda sekondari. Mnunuzi wa mkaa amefika na fedha mkononi. Nani angepaswa kumsaidia, na kwa kiasi gani?